Begi la matembezi ya kutwa kwa vilima vya Dodoma: la mtumba, la shule, la kompyuta au la fundi?

Kitu kizito kuliko vyote utakavyopanda navyo kilima hapa Dodoma ni maji. Lita moja ni kilo moja, na mtu mzima anayetoka alfajiri kurudi jioni hana budi kubeba kama lita tatu, na zaidi kidogo ikiwa ni Oktoba au Novemba, jua linapochoma kabla mvua hazijafika. Usitegemee kijito njiani. Makorongo mengi huwa mchanga mtupu kiangazi kikikolea, na kisima cha kijiji ukikikuta kina foleni ya wenye shida kubwa kuliko yako. Kwa hiyo begi la matembezi ya kutwa huku kwetu ni chombo cha kubebea maji kwanza, halafu ndiyo yafuate mengine.

Naanza na hilo kwa sababu ushauri mwingi wa mabegi unaosambaa mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za mvua. Swali lao la kwanza ni kama begi linapitisha maji. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 tu. Maadui zetu ni wengine: uzito wa hayo maji ya kunywa, jasho la mgongoni, vumbi linaloziba zipu, miba ya migunga, na mawe ya granite yanayokwangua kitambaa kama msasa. Begi linalosifiwa kwa kuzuia mvua linaweza kukushinda kabisa kwenye mteremko wa kilima cha Imagi saa sita mchana.

Kipimo ninachotumia kulinganisha ni mzigo mmoja, uleule kwa kila begi. Chupa mbili za lita moja na nusu. Chapati au viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na karanga. Koti jepesi la upepo, maana asubuhi za Juni na Julai ni baridi na upepo wa Dodoma haubembelezi mtu. Kofia, tochi, kitenge cha kukalia, bandeji na dawa chache, kibano cha kutolea miba, simu na pawabenki. Jumla inakaribia kilo 6 pamoja na begi lenyewe. Mtu wa kilo 60 anaweza kubeba hizo kutwa nzima bila shida, mradi begi lizigawe vizuri. Likishindwa kuzigawa, kilo hizohizo utazihisi kama gunia, na siku inayofuata shingo haigeuki.

Bajeti ninayoizungumzia ni ya elfu 20 hadi 40, maana ndiyo ambayo mwanafunzi wa chuo, mwalimu au mtumishi anayeanza kazi anaweza kuitoa bila kuvuruga mambo ya nyumbani. Mabegi mapya halisi ya kampuni kubwa za nje yako mbali na hapo, nayaacha.

Ukubwa kabla ya aina

Lita 20 hadi 25 zinatosha. Kama begi halina namba popote, ifikirie ndoo ya lita 20 ya kuchotea maji: begi linaloweza kumeza vitu vya kujaza ndoo ile ndilo saizi yako. Chini ya lita 15, chupa ya pili itakosa nafasi, nayo ndiyo utakayoihitaji zaidi wakati wa kushuka. Juu ya lita 35 unaingia kwenye tatizo jingine. Begi kubwa lisilojaa huacha vitu vizame chini na kuchezacheza, na ukiruka kutoka jiwe hadi jiwe mzigo unakuvuta upande wake. Tena nafasi tupu hushawishi. Mtu ataongeza spika, ataongeza blanketi, mwisho anabeba kilo 11 kwenda mahali ambapo mwenzake amefika na 5.

Begi la mtumba la kupandia mlima

Hili ndilo chaguo langu la kwanza, na ndilo nitakalolieleza kwa urefu, kwa sababu faida zake ni kubwa na mitego yake ni mingi.

Kwenye meza na mikeka ya mitumba, Sabasaba na kwenye soko la wazi la machinga, mabegi ya mlimani huwa yamechanganyika na ya shule, ya kompyuta na pochi za kike. Muuzaji mara nyingi huyapanga kwa usafi na rangi. Ndiyo maana begi lililochakaa sura lakini lenye mgongo mzuri linaweza kwenda kwa bei ya chini kuliko la kung'aa lisilo na maana. Wewe tafuta alama tatu. Ya kwanza ni mkanda wa kiunoni wenye sponji, siyo utepe mtupu. Ya pili ni mkanda wa kifuani unaopanda na kushuka; ukiuangalia, klipu yake mara nyingi imetengenezwa iwe filimbi, na hiyo ni dalili kwamba aliyelibuni begi alimfikiria mtu aliyepotea porini. Ya tatu ni mgongo wenyewe: ama wavu uliokazwa kwa waya ukaacha uwazi wa kupita hewa, ama sponji nene yenye mifereji.

Majina ya kuangalia ni kama Deuter, Jack Wolfskin, Lowe Alpine, Osprey na Quechua. Jina peke yake si hakikisho, maana kuna bandia nyingi, lakini namba iliyo ubavuni baada ya jina la toleo, kwa mfano 22, 25 au 28, kwa kawaida ndiyo ujazo wake kwa lita. Kwenye mabegi ya Deuter, herufi SL zinaonyesha limekatwa kwa mwili wa mwanamke: mgongo mfupi, mikanda myembamba na iliyopinda zaidi kifuani. Dada zangu wengi hulalamika kwamba mikanda ya mabegi huwabana kwapani, nao hawajawahi kujaribu begi la namna hii. Hata mwanamume mwembamba wa mgongo mfupi linaweza kumfaa kuliko la kiume.

Kati ya mgongo wa wavu na wa sponji, upi? Deuter walileta mgongo wa wavu sokoni mwaka 1984, na kwa joto letu ni neema. Hewa inapita, fulana haigandi mgongoni, na unakunywa maji kwa mpangilio wako badala ya kufidia jasho. Lakini wavu unalisukuma begi nyuma kidogo, mzigo unakaa mbali na uti wa mgongo, na umbo la ndani linakuwa la kujipinda kiasi kwamba chupa mbili kubwa hukaa kwa shida. Kwa njia ya kutembea kwa miguu miwili, chukua wavu. Kama unapenda mawe makubwa ya kupanda kwa mikono na magoti, sponji yenye mifereji inakushika vizuri zaidi na haiyumbi.

Sasa mitego. Mkubwa kuliko yote hauonekani kwa nje. Mabegi mengi ya mlimani hupakwa ndani tabaka jembamba la kuzuia maji, na tabaka hilo likikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huoza taratibu. Fungua zipu, ingiza mkono hadi chini kabisa, usugue kitambaa kwa kidole. Kikiwa kinanata, au ukitoa mkono wenye chembe nyeupe kama ngozi inayobambuka, au ukisikia harufu kali ya uchachu, liache hata kama nje linang'aa. Hakuna sabuni inayoirekebisha hali hiyo. Chembe zile zitaganda kwenye chapati zako na kwenye koti lako msimu mzima, na kitambaa kitakuwa kimepoteza kinga yake.

Kisha zipu. Ifungue na kuifunga tena na tena, na angalia zaidi kwenye kona, maana hapo ndipo hufa kwanza. Kama meno yamenyooka lakini zipu inaachia nyuma ya kichwa chake, basi ni kichwa kilicholegea. Hilo si la kukufanya uliache begi. Fundi atakibana kwa plaizi au atabadilisha kichwa kwa hela ndogo. Kama meno yenyewe yamekatika au yameyeyuka, utalipia zipu nzima na kazi ya kufumua begi. Ukiona herufi YKK kwenye kichwa cha zipu, ni kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1934 na zipu zake zinasifika kwa kudumu, ila nazo huigwa, kwa hiyo bado ijaribu kwa mkono.

Bonyeza sponji ya mikanda ya mabegani. Ikirudi polepole au ikisikika kama unga ndani, imekufa. Hesabu klipu zote zipo na zinalia zinapofunga. Kosa la klipu moja linarekebishika ukiokota begi bovu la kuchinja vipuri.

Halafu lipo jambo ambalo si la ufundi bali la usalama wako. Begi lenye madoadoa ya kijeshi usilinunue, hata likiwa zuri namna gani. Tanzania raia haruhusiwi kutumia mavazi yanayofanana na sare za jeshi, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa agizo la watu kuyasalimisha. Belo za mitumba huja na vitu hivyo kwa sababu huko vinakotoka ni mitindo ya kawaida.

Mwisho wa yote ni kujaribu kwa uzito. Nenda sokoni na zile chupa mbili zikiwa zimejaa. Salimia, chagua, kisha sema, "Kaka, naomba nilijaribu na maji yangu, nikiridhika tunaongea bei." Sijaona muuzaji mwenye nia ya kuuza akakataa. Weka chupa ndani zikisimama, karibu na mgongo. Livae, funga kwanza mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, siyo tumboni. Ndipo uvute ya mabegani, mwisho ya kifuani. Inama kama unafunga kamba za kiatu. Panda ngazi yoyote iliyo karibu. Begi lililokufaa litakufanya uhisi uzito kwenye nyonga na mabega yakiwa huru. Kama mkanda wa kiunoni unakukaa mbavuni, mgongo wa begi ni mfupi mno kwako. Kama begi linakugonga makalio ukitembea, ni mrefu mno. Hapo usijidanganye kwamba utalizoea.

Belo linapofunguliwa asubuhi, chaguo ni pana na bei iko juu. Siku chache baadaye bei inashuka na mabegi mazuri yameondoka. Kwa begi, tofauti na fulana, ningelipa zaidi niwe wa kwanza, maana mabegi ya mlimani kwenye belo moja huwa machache.

Begi jipya la shule

Hili linashika nafasi ya pili, na kwa wengi ndilo litakalokuwa jibu, kwa sababu linapatikana kila duka, ni jipya, na muuzaji utamkuta hapohapo likikatika wiki ya kwanza. Ukiweza, usilinunue Januari, wakati kila mzazi analitafuta.

Kitambaa chake kwa kawaida ni poliesta. Mara nyingine lebo huandika 600D au 300D. Namba hiyo ni uzito wa uzi kwa gramu kwa kila mita 9,000 za uzi huo, kwa hiyo namba kubwa ni uzi mnene. Kwa mawe yetu tafuta 600D. Poliesta ina faida moja ambayo haisemwi sana: inavumilia jua kuliko nailoni. Nailoni ni bora kwa kukwaruzwa, lakini ukiianika juani kila siku hudhoofika mapema zaidi. Kwa hiyo begi la shule la poliesta nzito halistahili kudharauliwa.

Udhaifu wake uko pale mkanda wa bega unapoingia kwenye begi. Geuza begi ndani nje uangalie. Mara nyingi utakuta mkanda umebanwa kwenye mshono mmoja tu wa juu, nyuzi mbili za cherehani. Daftari na kalamu hazitaung'oa, lakini kilo 6 zinazorukaruka kwenye mteremko zitaung'oa, tena mbali na barabara. Ukilishika begi kwa mkanda mmoja likiwa na chupa mbili ndani, ukalitikisa, ukaona nyuzi zinafunguka na kuonyesha mwanga, basi hapo ndipo litakapokatikia.

Uzuri ni kwamba tatizo hili linatibika, na fundi wa kulitibu si wa cherehani ya nguo. Mpelekee fundi viatu. Yeye ana sindano nene na uzi uliopakwa nta, na amezoea kushona kitu kinachovutwa kila siku. Mwombe aweke kiraka cha kitambaa kigumu kwa ndani, kisha ashone kisanduku chenye alama ya X katikati kwenye mizizi yote minne ya mikanda, juu na chini. Hapohapo aongeze mkanda wa kifuani kutoka begi bovu lolote. Mkanda huo mdogo unabadilisha begi la shule kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu unazuia mikanda ya mabega isiteleze kuelekea nje, na mikono inabaki huru kushika mawe. Mgongoni, ndani, ingiza kipande cha mkeka wa sponji kilichokatwa kwa kipimo ili chupa na pawabenki visikuchome.

Lililobaki halitibiki. Halina mkanda wa kiunoni wa kweli, kwa hiyo mzigo wote ni wa mabega, na mgongo wake hauna njia ya hewa. Kwa saa tatu au nne linafaa sana. Kwa saa nane utachoka mapema kuliko mwenzako mwenye begi la mtumba, hata kama mna nguvu sawa.

Angalia na mifuko ya pembeni. Mingi ni mifupi, chupa ya lita moja na nusu inachomoza zaidi ya nusu na kuanguka ukiinama. Ifunge shingo kwa kamba, au ibebe ndani. Kama mifuko ni ya wavu, ujue miba ya migunga itaichana. Mifuko ya kitambaa kizima hudumu.

Begi kubwa jipya la safari

Mnayaona yamening'inizwa madukani: lita 40, 50, 60, mikanda kila upande, jina la kampuni kubwa limedariziwa mbele. Linavutia macho na mara nyingi bei yake inaingia kwenye bajeti. Silishauri kwa matembezi ya kutwa. Mkanda wake wa kiunoni mara nyingi ni utepe usio na sponji, mgongo hauna fremu, na ile mikanda midogo ya juu ya mabega, ambayo kwenye begi la kweli huvuta mzigo karibu na mwili, hapa imeshonwa iwe pambo tu. Ivute uone: kama begi halisogei, haina kazi. Kwa kubebea nguo kwenye basi au kwenye treni ya SGR ni begi jema kabisa.

Begi la kompyuta

Dodoma ni mji wa watumishi, na begi hili wengi tayari wanalo, kwa hiyo gharama yake ni sifuri. Zipu zake huwa nzuri, mishono mizuri. Tatizo ni umbo. Ni pana na bapa, mgongo wake umetengenezwa kulinda kompyuta isipasuke, si kulinda mgongo wako usilowe. Kwa kupanda kilima cha Mlimwa kutazama jua likichomoza, na chupa moja na karanga, litumie wala usinunue jingine. Kompyuta iache nyumbani, lakini weka kitenge kilichokunjwa kwenye mfuko wake ili begi lisilegee. Zaidi ya hapo, hapana.

Vile vibegi vya kamba mbili nyembamba vinavyogawiwa kwenye mikutano sivijadili kwa ajili ya maji. Kamba inakata bega kabla hujatoka mjini.

Begi la kushonesha kwa fundi

Watu hulisahau, na mimi nalipenda. Fundi mzuri wa mabegi anaweza kukushonea begi la turubai kwa kipimo cha mgongo wako, likiwa jembamba, lenye mifuko ya pembeni mirefu ya kutosha chupa nzima, bila zipu hata moja: mdomo wa kukunja na kamba ya kuvuta, na mfuniko wenye klipu. Kwa vumbi letu, begi lisilo na zipu lina sehemu moja pungufu ya kuharibika. Turubai haiogopi granite wala miba.

Gharama yake ni uzito. Turubai nzito peke yake inaweza kulifanya begi lifike kilo moja na nusu kabla hujaweka kitu, na likilowa huongezeka na kukauka kwa shida. Pia usitegemee fundi akubunie mikanda. Mpelekee mfano. Njia bora ni kununua begi la mtumba ambalo mwili wake umeoza ndani lakini mikanda na mgongo ni mizima, lile ambalo hapo juu nilisema uliache, umwombe muuzaji bei ya kipuri. Fundi atalichinja, atahamishia mikanda, mgongo na klipu kwenye mwili mpya. Ukipata fundi mwenye subira, begi hilo halitakuwa na mpinzani kwa bei yake. Ukipata wa haraka haraka, utakuwa na gunia lenye mikanda. Kwa hiyo omba kwanza kuona begi alilokwisha kushona likiwa linatumika.

Unakwenda wapi?

Kwa vilima vya mjini, Mlimwa, Imagi na vya upande wa Chimwaga kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma, begi la shule lililopita kwa fundi viatu na la mtumba vinakaribiana sana. Sioni sababu ya mtu kuhangaika kutafuta la mtumba wiki nzima kwa kilima cha asubuhi.

Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mambo ni tofauti kidogo. Kutembea si kurefu kama ukifika kwa gari, lakini unapanda miteremko ya mawe na kuinama chini ya vibanda vya miamba. Hapo nataka begi jembamba, lisilo na vitu vilivyoning'inia nje. Na ukifika kwenye michoro, livue uliache mbali na ukuta. Begi linalosugua mwamba linaondoa rangi ambayo hakuna mtu anayeweza kuirudisha, na anayekuongoza atakuambia hivyohivyo.

Milima ya Kiboriani kule Mpwapwa inataka kutwa nzima na njia zina vichaka. Hapa begi la mtumba lenye mkanda wa kiunoni linaliacha la shule mbali, na mifuko ya wavu ndiyo hufa kwanza.

Mlima Hanang, mkoani Manyara, ni habari nyingine. Kilele kiko zaidi ya mita 3,400, unaanzia Katesh, na wanaokwenda na kurudi siku moja huondoka gizani, kabla hakujapambazuka. Lita nne za maji, nguo za baridi za kweli, chakula cha kutosha: hapo panda hadi lita 28 au 30, na liwe la mtumba la kupandia mlima, mkanda wa kiunoni ukiwa mzima. La shule hapana, hata likishonwa upya. Wala usiende mvua zikikolea; maporomoko ya matope yaliyoikumba Katesh Desemba 2023 na kuua makumi ya watu yalitoka kwenye mlima huohuo baada ya mvua kubwa.

Mvua na vumbi

Kwa msimu wa mvua sinunui begi lisilopitisha maji, nanunua mfuko mzito wa taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, ila mifuko ya taka bado inauzwa, na mmoja mnene ukiuweka ndani ya begi, vitu vyote ndani yake, mdomo ukausokota na kuukunja, unalinda kuliko kifuniko cha nje ambacho upepo hukibeba.

Vumbi ndilo linalotaka mazoea. Kila urudipo, geuza begi, likung'ute, sugua meno ya zipu kwa mswaki mkavu, kisha pitisha mshumaa juu yake. Usipake mafuta ya kula wala grisi; yananasa vumbi na kugeuka tope linalokula kichwa cha zipu. Ukilifua, tumia maji ya vuguvugu na sabuni kidogo kwa mkono, ulianike kivulini likiwa limefunguliwa na kichwa chini. Usilihifadhi likiwa na unyevu, maana ule uozo wa ndani niliousema kwenye mitumba unaanzia hapo.

Ukiwa na chini ya elfu 20

Usinunue begi. Chukua lolote ulilonalo nyumbani ambalo zipu yake inafunga na kitambaa chake hakijaanza kutatuka, hata la mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne, umpelekee fundi viatu kwa X nne na mkanda wa kifuani. Hela inayobaki nunulia chupa ya pili na kofia yenye ukingo mpana, uanze na Mlimwa.